Mzizi Chini ya Nyumba ya Yusta

1

Nyumba ilikuwa imekamilika kila kitu isipokuwa joto. Bati liko juu, sakafu imekauka, madirisha yana vioo viwili viwili, na Yusta Tweve, aliyeijenga kwa miaka minne kwa mshahara wa afisa mifugo wa kata, alisimama sebuleni amevaa koti zito akimtazama mgeni akigonga ukuta kwa vidole.

Mgeni aliitwa Denisi Msemwa, wakala wa kampuni ya Mzizi Joto. Alikuwa na viatu visafi mno kwa mtu aliyepanda kilima cha Lukwembe kwa miguu wakati wa ukungu. Yusta aliliona hilo kabla hajaambiwa hata jina lake.

"Ukuta mzuri huu, mama," Denisi alisema. "Tukiupaka lipu yetu, utaota. Wiki tatu tu, utakuwa na joto kama shavu la mtoto."

"Kuota vipi?"

Denisi akatoa mkobani chupa ya kioo. Ndani yake kulikuwa na kitu cheupe kama pamba iliyolowa. Alieleza kwamba ni kuvu iliyotengenezwa maabara. Nyuzi zake, nyembamba kuliko za kushonea, hushuka ardhini mita sitini mahali ambapo dunia haijui kipupwe wala kiangazi, zikanyonya joto la huko na kulipandisha hadi ukutani. Haina moshi, haihitaji umeme, haipigi kelele. Chakula chake ni ndoo moja ya molasi kwa wiki, inayomiminwa kwenye pipa nje ya nyumba.

"Mita sitini," Yusta alisema. "Wachimba visima walikuja hapa mara mbili. Mara zote mbili walikuta mwamba kwenye mita tisa, wakavunja vyuma vyao wakaondoka."

"Mzizi si chuma, mama. Utapata upenyo."

"Na usipoupata?"

"Utaupata." Denisi alitabasamu, kisha akasogea dirishani. "Lile banda la ng'ombe pale bondeni ni la nani?"

"La wifi yangu. Kwa nini?"

"Naangalia tu mandhari."

Hakuna mtu anayepanda Lukwembe mwezi wa sita kuangalia mandhari. Ukungu ulikuwa umetanda kiasi kwamba hata banda lenyewe lilionekana kwa shida. Yusta akamtazama yule mwanaume kwa jicho alilozoea kumtazamia mchuuzi anayeleta ng'ombe mnono mnadani huku akimzuia asitembee.

Lakini nyuma yake, kwenye kiti pekee kilichokuwa kimehamishiwa mle, mumewe Obadia alianza kukohoa. Alikohoa taratibu, ameinama, mkono mmoja umeshika goti, kama mtu anayevuta kamba kutoka kisimani. Miaka ishirini na miwili ya kupasua mawe machimboni ilikuwa imemjaza vumbi kifuani. Daktari alikuwa amesema maneno machache yaliyoeleweka: asivute moshi, asipigwe na baridi, chumba chake kisishuke chini ya nyuzi kumi na nane. Huku juu, Julai, maji ya beseni huamka yameganda.

Walikuwa wamejaribu kila njia. Kuni zilishapigwa marufuku, na hata zisingepigwa, moshi wake ungemmaliza. Hita ya umeme wa jua waliazima kwa mwalimu mmoja. Ilifanya kazi vizuri hadi ukungu ulipokaa siku nne mfululizo, betri zikafa, na Obadia akalazwa wiki mbili.

Alipomaliza kukohoa, Obadia alijifuta mdomo. "Mama Faraja," alisema, "unamkagua huyu bwana kana kwamba unataka kumchinja. Mimi nataka kulala chali. Basi. Miaka mitatu nalala nimeketi."

Yusta alisoma mkataba wote, kurasa kumi na nne, akiwa amesimama. Kwenye ukurasa wa kumi na moja palikuwa na sentensi isemayo: *Mzizi utaelekea penye unafuu.* Aliisoma mara mbili. Aliuliza maana yake, akaambiwa ni lugha ya wanasheria tu.

Akatia sahihi.

2

Ukuta uliota. Siku ya kumi ulianza kuwa na rangi ya maziwa yaliyolala, siku ya kumi na tano ukawa na vinyweleo ukiugusa, na siku ya ishirini Yusta aliingia kutoka kazini, akavua koti bila kufikiri, kisha akasimama nalo mkononi akishangaa. Kipimajoto cha ukutani kilisema ishirini na mbili.

Obadia alikuwa amelala. Amelala chali, mikono imeachana, mdomo wazi. Yusta alikaa kando ya kitanda akaanza kuhesabu pumzi zake kama anavyohesabu za ndama mgonjwa, na zilikuwa ndefu, tena za sawasawa. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akainuka akaenda kuugusa ukuta.

Ulikuwa na joto la kitu kilicho hai. Si joto la bati lililopigwa na jua wala la chungu kilichotoka motoni. Ni joto analolijua anapotia mkono chini ya tumbo la ng'ombe.

Katika wiki mbili zilizofuata Obadia aliacha fimbo ya kutembelea. Alianza kukaa barazani saa sita mchana, akawaita wapita njia, akatoa utani ambao Yusta hakuwa ameusikia tangu Faraja, binti yao, alipokuwa mdogo. Watu walikuja kuona nyumba. Waligusa ukuta, wakaguna, wakauliza jina la wakala. Yusta aliwapa jina hilo shingo upande. Kila asubuhi alizunguka nyumba akitazama ardhi, bila kujua anatafuta nini.

3

Wifi yake alimpigia simu siku ya Jumanne. Ezelina alikuwa dada mkubwa wa Obadia, mjane, na kwa miaka ishirini na mitano alikuwa akizungumza na Yusta kwa lazima tu. Aliamini tangu mwanzo kwamba Yusta alimwoa kaka yake badala ya kuolewa naye.

"Wifi," alisema, "sikuiti kama wifi. Nakuita kama bibi mifugo. Ndama wangu haamki."

Yusta alishuka na mkoba wake. Ndama alikuwa amelala juu ya matandiko makavu, hana jeraha, haharishi, macho safi. Alimpima. Ndama mzima ana nyuzi thelathini na nane na nusu, au thelathini na tisa. Huyu alikuwa na thelathini na tano.

"Amenyonya?"

"Amenyonya vizuri tu. Jana hiyohiyo alikuwa anaruka."

Wakamwinua wakamfunika blanketi. Yusta alipokuwa akipapasa matandiko alihisi kitu kisicho cha kawaida: yalikuwa ya baridi upande wa chini kuliko upande wa juu. Alitoka nje hadi kwenye lundo la samadi nyuma ya banda. Samadi mbichi hujipika yenyewe. Asubuhi ya baridi hufuka mvuke kama sufuria. Lile lundo halikufuka. Alichomeka kipimajoto hadi mwisho.

Nyuzi nne.

Ezelina alikuwa ndani akimsugua ndama. Yusta alipiga magoti akaanza kufukua kwa mikono. Hakufika mbali. Kiasi cha kiganja chini ya samadi alikuta nyuzi nyeupe, mamia kwa mamia, zimelala pamoja kama nywele zilizochanwa. Alipogusa moja, ilijikunja kufuata ncha ya kidole chake chenye joto. Zote zilielekea upande mmoja. Hakuhitaji kuinua kichwa kujua ni upande gani, lakini aliinua, akaiona nyumba yake pale juu, na Obadia barazani akimpungia mkono.

"Umeona nini?" Ezelina aliuliza kutoka mlangoni.

Yusta alirudisha samadi haraka, akainuka, akajipangusa magoti. Alikuwa na uso wa mtu wa kazi, ule anaouvaa akiwaambia watu kwamba ng'ombe wao atapona.

"Hakuna kitu," alisema. "Ni baridi ya mwaka huu tu. Mhamishie juu ya mbao, asilale chini."

Ezelina aliyatazama magoti ya Yusta. "Baridi ya mwaka huu," alirudia, kama anayeonja chakula asichokiamini.

4

Ofisi ya Denisi ilikuwa chumba kimoja karibu na soko. Yusta hakuketi.

"Mzizi haukushuka," alisema. "Ulifika kwenye mwamba ukageuka. Uko bandani kwa wifi yangu."

Denisi hakushtuka, na hilo ndilo lililomtisha Yusta. Alifunga mlango, akavuta kiti.

"Mama, joto halitoki hewani. Chini lipo, lakini penye mwamba mzizi huenda palipo karibu. Samadi, mashimo ya taka, ardhi yenye wanyama. Tuliandika ukurasa wa kumi na moja."

"Wewe uliuliza banda ni la nani. Ulijua."

"Nilijua." Alisema hivyo kwa upole. "Na dawa yake ipo. Wifi yako naye aweke mzizi. Mizizi miwili haiingiliani; inatambuana. Wa kwake utamlinda."

"Na wa kwake utanyonya wapi?"

"Kwa jirani yake."

"Na jirani yake?"

"Ataweka."

"Na yule wa mwisho, Denisi? Yule mwenye nyumba pale msitu unapoanzia?"

Denisi aliangalia mikono yake. "Mpaka sasa," alisema, "hakuna kijiji ambako tumemfikia huyo wa mwisho."

Hapo Yusta alielewa kwa nini nyumba yake, ya kwanza kijijini, ilipewa masharti mepesi ya malipo, na kwa nini wakala alichagua iliyo juu, inayoonwa na kila mtu, yenye mgonjwa ndani. Akauliza namna ya kuuzima. Chokaa, akaambiwa. Debe moja kwenye pipa la molasi, na kwa siku moja nyuzi zote zinakufa. Ila ukishakufa haurudi. Udongo wenye maiti yake haupokei mwingine.

"Baba yuko salama?" Denisi aliuliza alipokuwa akifungua mlango. "Nasikia ameacha fimbo."

Yusta alinunua debe la chokaa siku hiyohiyo, akalificha stoo nyuma ya magunia ya pumba. Hakulitumia. Kila jioni alijiambia kesho, na kila asubuhi alimkuta Obadia amelala chali. Hakumwambia. Alianza kula kidogo. Alipoulizwa alisema kazi ni nyingi.

Zilipita siku kumi na moja.

5

Waliomkuta Ezelina walikuwa wanawake wa kwaya waliokwenda kuuliza kwa nini hakufika kanisani. Alikuwa kitandani kwake, yaani sakafuni, kwa kuwa mgongo wake ulimkataza kulala juu ya chaga na alikuwa amezoea godoro jembamba juu ya udongo. Alikuwa anaongea maneno yasiyopangika, vidole vyake vina rangi ya bluu. Walimbeba hadi nyumba yenye joto, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na kila mtu alijua ina joto.

Yusta alimpima wifi yake. Thelathini na nne.

Walimkalisha karibu na ukuta, wakamfunga mablanketi, wakamnywesha uji wenye sukari kijiko baada ya kijiko. Wanawake wa kwaya waliaga. Kufikia saa tisa alasiri macho ya Ezelina yalikuwa yamerudi. Alitoa mkono kwenye blanketi akaubandika ukutani, akauacha pale.

"Joto hili," alisema, "mnalipata wapi?"

Obadia alicheka. "Chini ya ardhi, dada. Mita sitini."

"Sikukuuliza wewe."

Yusta alikuwa ameshika kijiko. Akakiweka chini. Angeweza kusema tena habari ya baridi ya mwaka huu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mepesi, yamekwisha kutumika mara moja.

"Kwako," alisema. "Tunalipata kwako, wifi. Kwenye samadi yako, chini ya ndama wako, na chini ya godoro lako."

Obadia alimtazama mkewe kana kwamba amezungumza lugha ngeni.

"Tangu lini unajua?" aliuliza.

"Siku kumi na moja."

"Ulikuja ukampima ndama wangu," Ezelina alisema polepole. "Ukapiga magoti kwenye mavi. Nikakuona. Nikajiambia, huyu ana jambo. Kisha nikajiambia, Ezelina, acha chuki zako, mwanamke wa watu amekuja kukusaidia." Aliondoa mkono ukutani. "Kumbe nilikuwa sahihi tangu mwanzo."

"Ulikuwa sahihi," Yusta alisema.

Obadia aliinuka. Alitembea hadi mlangoni bila fimbo, wima, na kila hatua ilimchoma Yusta kwa uzuri wake. "Debe la chokaa nililiona stoo," alisema. "Nilidhani unataka kupaka choo. Nalileta."

"Kaa chini," Ezelina alimwambia.

"Dada..."

"Kaa chini, Obadia! Nimemzika mume, nimezika watoto wawili. Sitakuzika wewe kwa sababu ya lundo la samadi. Nitahamia hapa. Chumba kipo. Ng'ombe nitawapeleka kwa shemeji. Mzizi wenu ule udongo wa nyumba tupu mpaka ushibe."

Yusta alimtazama mwanamke huyu aliyekuwa akimchukia kwa robo ya karne, vidole vyake bado vya bluu, akitoa nyumba yake kama mtu anayetoa kiti. Alitamani sana kukubali, na kwa sababu alitamani sana, hakujiamini.

"Siku tatu," alisema. "Nipeni siku tatu niangalie unaelekea wapi."

6

Alifukua mitaro kuzunguka nyumba ya Ezelina, mmoja kila mchana baada ya kazi. Siku ya kwanza nyuzi zilikuwa zimekoma chini ya godoro. Siku ya pili zilianza kulegea, kwa kuwa hapakuwa na mwili wa kuzivuta. Yusta akapata matumaini. Siku ya tatu alizikuta nje, upande wa pili wa nyumba, zimenyooka tena, ngumu na zenye haraka, zikipita chini ya ua.

Alizifuata kwa jembe hatua kumi na tano. Ziliingia chini ya nyumba ndogo ya udongo ya Tulia Mahenge, ambaye alikuwa na siku nne tangu ajifungue. Mlango ulikuwa wazi. Tulia alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto amemlaza kando yake juu ya kanga.

"Shikamoo mama," Tulia alisema. "Kuna mnyama amekufa?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana. Mwinue mtoto. Mlaze kifuani, usimlaze chini, leo hata dakika moja. Nitakuja kukueleza."

Alipanda kilima bila kusimama. Obadia na Ezelina walikuwa barazani, na walipouona uso wake hawakuuliza. Obadia mwenyewe alitoa debe stoo. Walilimimina watatu, kila mmoja ameweka mkono wake, Ezelina akisema jina la Mungu kwa sauti ya chini. Pipa lilitoa mapovu, likanuka kama mayai yaliyooza, likatulia.

Kesho yake adhuhuri ukuta ulikuwa wa kijivu. Jioni ulianza kubanduka vipande vipande. Obadia alijaza mito mgongoni kwake, akajiegemeza, akalala ameketi.

7

Denisi alikuwa ameitisha mkutano sokoni Jumamosi hiyo. Watu walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wamegusa ukuta wa Yusta kwa mikono yao. Yusta alipoomba kusema, aliwaeleza kila kitu, pamoja na siku zake kumi na moja za ukimya.

Hakushangiliwa.

"Wewe umeota moto mpaka mumeo akapata nguvu," mzee mmoja alisema. "Sasa sisi tukitaka, unatuambia una sumu."

"Amekosana na wakala," mwingine akadakia. "Kuna kitu hapo."

Wangekuwa wajinga kumwamini mtu aliyekiri kudanganya. Denisi alisimama kando, mikono nyuma, akisubiri kwa subira ya mtu aliyewahi kuyaona haya kwingine.

Ezelina ndiye aliyepanda kwenye jukwaa la mbao. Alipanda kwa shida. Alivua kitambaa alichofunga mkononi akainua vidole viwili ambavyo havikupata tena rangi yake.

"Mnajua mimi na huyu hatupendani," alisema. "Nani hajui? Nimemsema kwenye kila msiba. Basi mimi ndiye ninayewaambia: amesema kweli, na ukweli huo umemgharimu usingizi wa kaka yangu. Anayetaka mzizi auweke. Lakini aje kwanza aniambie mimi usoni atalala juu ya joto la nani."

Watu walikwepa kutazamana, wakipima kwa macho umbali kati ya nyumba zao. Kisha mmoja akaondoka, na wengine wakafuata. Hakuna aliyetia sahihi siku ile. Wiki iliyofuata wawili walitia, kwa siri, na kijiji kizima kikajua kabla ya jioni.

8

Obadia alishuka Chimala mwishoni mwa Julai. Faraja alikuwa na nyumba huko tambarare, mahali ambapo watu hulala madirisha wazi. Alikuja mwenyewe kumchukua baba yake. Yusta alimfungia nguo, akaongeza sweta, Faraja akaitoa.

"Nilikujengea nyumba," Yusta alimwambia mumewe walipokuwa wakisubiri gari.

"Najua."

"Miaka minne."

"Najua, Mama Faraja." Alimshika mkono, akavuta pumzi fupifupi kabla ya kuendelea. "Laiti ungeniambia siku ya kwanza. Si kwa ajili ya dada. Ningependa mzigo huo tuubebe sote wawili."

Gari likaja, likaondoka.

Ezelina hakurudi kwake. Alisema udongo wa nyumba yake bado unamtia mashaka, na kwamba hamwamini Yusta kukaa peke yake na pipa lile. Alichukua chumba cha kaka yake. Walikula pamoja, wakizungumza machache, kila mmoja amevaa kila nguo aliyonayo.

Siku ya tano simu iliita wakiwa mezani. Obadia alisikika karibu, na nyuma yake kulikuwa na kelele za kuku.

"Nimelala chali," alisema. "Tena nimetoka jasho. Faraja amenipa upepeo. Na nyie? Mnapata baridi?"

Ezelina alikuwa ameinama juu ya simu, akisikiliza, anangoja kusikia wifi yake atajibu nini.

"Tunapata," Yusta alisema. "Baridi kali sana, mume wangu. Hatujui tutafanyaje."

Ezelina aliketi sawasawa kwenye kiti chake. Akavuta sufuria ya uji, akajaza kikombe cha Yusta kwanza, halafu chake.